Kwa nini wanafunzi hupima vivuli vizuri bila kuelewa kivuli ni nini

Swali: Ninafundisha sayansi darasa la tatu. Tulisimika kijiti uwanjani, tukachora kivuli chake asubuhi, mchana na alasiri, na wanafunzi wakapima vizuri kabisa. Hata hivyo, nilipowauliza kivuli ni nini, wengi walisema ni kitu kinachotoka mwilini, na baadhi yao wakachora vivuli vyenye macho na mdomo. Mmoja aliuliza pia kwa nini kivuli cha kijiti hakikutoweka saa 6 mchana kama kitabu kinavyosema. Nirekebishe nini, na huyo wa mwisho nimjibuje?

Jibu: Mwalimu, shughuli uliyoifanya ni nzuri na sishauri uiache, ila imekuja mapema mno. Kijiti cha uwanjani hujibu swali la namna kivuli kinavyobadilika kadiri siku inavyosonga, ilhali wanafunzi wako walikuwa bado hawajajibu swali linalotangulia, yaani kivuli hutokeaje. Mtoto anaweza kupima urefu wa kivuli kwa rula na kujaza jedwali lote bila kukosea, huku akiendelea kuamini kwamba anachokipima kimetoka ndani ya kijiti. Vipimo vyake havipingani na imani hiyo, kwa hiyo haviwezi kuiondoa.

Imani yenyewe si ya darasa lako peke yake. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyewahoji watoto kuhusu mambo ya asili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1927, alikuta watoto wadogo wakikieleza kivuli kama kitu kinachotoka mwilini au kinachokuja kutoka kwenye giza la mahali pengine, na ni wale wakubwa zaidi tu walioweza kusema kivuli kingeangukia upande gani kabla ya kuonyeshwa. Ukifikiri kidogo utaona kwamba watoto hawana makosa makubwa: kivuli kina umbo, kina mpaka, humfuata mtu kila aendako na huanzia miguuni pake. Dalili zote zinaonyesha kwamba ni kitu. Macho na mdomo katika michoro yao hutokana na jambo jingine, ambalo ni kuchanganya kivuli na sura inayoonekana kwenye kioo, na hilo nitalirudia baada ya muda mfupi.

Ningekushauri utenge kipindi kimoja kizima kabla ya kijiti, na lengo la kipindi hicho liwe moja tu: mwanafunzi aone kwamba kivuli ni nafasi. Nyuma ya kila kitu kinachozuia mwanga kuna sehemu ya hewa ambako miale ya jua haifiki, na sehemu hiyo huanzia kwenye kitu chenyewe hadi mahali inapokutana na ardhi au ukuta. Lile doa jeusi tunalolichora kwa chaki ni mahali tu ambapo nafasi hiyo imekatwa na ardhi. Vitabu vingi huonyesha doa peke yake, na ndiyo maana mtoto hulichukulia kama kitu kilichotandikwa chini.

Namna ya kulionyesha jambo hili ni rahisi na haihitaji kifaa chochote cha maabara. Asubuhi kama saa 3, mwanafunzi mmoja anyooshe mkono na kushika daftari wima kwenye usawa wa kifua, na kivuli cha daftari kianguke ardhini mbali kidogo naye. Mwanafunzi wa pili aweke karatasi nyeupe juu ya kile kivuli, kisha aipandishe polepole kuelekea kwenye daftari, akihakikisha kwamba kivuli hakitoki kwenye karatasi. Mara ya kwanza wengi huinua karatasi moja kwa moja kwenda juu, na kivuli hutoweka, waache wapotee. Baada ya muda mmoja wao atagundua kwamba lazima karatasi ipande kwa mshazari, ikielekea kwenye daftari, na kwamba njia ile ikiendelezwa ingeelekea upande wa jua. Hapo muulize kila mmoja swali moja tu: kivuli kilikuwa wapi wakati karatasi iko katikati ya njia? Kisha mwambie apitishe kiganja chake wazi katika njia ile ile. Atakiona kiganja kikiingia gizani na kutoka, ingawa hewani penyewe haoni chochote, na jua likiwa kali atahisi pia joto likipungua ngozini.

Mfano unaowasaidia watoto kulisema jambo hilo kwa maneno yao ni ule wa mwavuli wakati wa mvua. Chini ya mwavuli pana mahali pakavu, na hakuna mtoto atakayesema kwamba ukavu ule umetoka ndani ya mwavuli. Kila mmoja anajua kwamba ni mvua ambayo haikufika. Upepo ukiisukuma mvua mshazari, mahali pakavu husogea upande mwingine ingawa mwavuli haujasogezwa. Ukishapata kauli hiyo kutoka kwao, badilisha neno mvua uweke mwanga, kisha uache mwavuli upumzike, kwa sababu mfano huu hauwezi kueleza kingo za kivuli wala rangi yake.

Wapo watakaotaka kuingiza vichwa vyao katika nafasi ile ili waone kama jua linaonekana. Usiruhusu. Jua halitazamwi kwa macho hata kwa sekunde chache, wala kwa miwani ya kawaida ya jua, na kwa darubini ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga huungua bila kuuma. Tumia mwanasesere mdogo badala ya kichwa cha mtoto. Mwingizeni na kumtoa katika njia ya kivuli, na darasa litazame uso wake: ukiwa na mwanga, yeye angeliona jua, ukiwa gizani, daftari limemzibia. Mwanasesere huyo huyo atakusaidia kwa wale waliochora macho na mdomo. Msimamishe akilielekea jua, chora mpaka wa kivuli chake, kisha mgeuze alipe jua kisogo. Mpaka karibu ni ule ule, na hakuna anayeweza kusoma kwenye kivuli kama mwanasesere anatazama mbele au nyuma. Kioo huurudisha mwanga uliotoka usoni, pamoja na rangi na alama zake. Kivuli huonyesha tu mwanga ulizuiwa wapi, na macho na mdomo, vikiwa ndani ya mpaka huo, haviongezi wala havipunguzi kitu.

Katika hatua hii walimu wengi hukimbilia tochi, na mimi ningeiahirisha. Tochi iko karibu, miale yake hutawanyika, kwa hiyo kitu kikisogezwa kuelekea kwenye tochi kivuli chake hukua: kadibodi iliyowekwa katikati kabisa ya tochi na ukuta hutoa kivuli chenye upana mara 2 ya kadibodi yenyewe. Kutoka hapo hutokea sentensi inayopatikana katika vitabu vingi, kwamba kivuli hukua kadiri kitu kinavyokaribia chanzo cha mwanga, na mwanafunzi huibeba hadi uwanjani ambako si kweli. Jua liko umbali wa takriban kilomita milioni 150, na miale inayofika katika uwanja mmoja ni kana kwamba yote inakwenda sambamba. Shika kadibodi ya mraba ikiwa bapa, sambamba na ardhi tambarare, kisha ipandishe kutoka magotini hadi juu ya kichwa. Kivuli chake kitasogea pembeni na kingo zake zitafifia, lakini upana wake hautabadilika kwa kiasi cha kuonekana. Tochi ije baada ya hapo, ili wanafunzi walinganishe vyanzo viwili badala ya kudhani ni kimoja.

Sasa ndipo kijiti kisimikwe, na safari hii kiwe na uzi. Funga uzi kwenye ncha ya juu ya kijiti, uvute hadi ncha ya kivuli, na uukaze. Uzi huo ni picha ya mwale mmoja, ule uliopita juu kidogo tu ya kijiti na kugusa ardhi, na ukiutazama kutoka ubavuni utaona unaelekea kwenye jua. Pembe iliyopo kati ya uzi na ardhi ndiyo pembe ya jua kutoka upeo wa macho. Mtoto wa darasa la tatu hahitaji kuipima kwa nyuzi, yaani digrii za pembe. Inatosha alaze mkono ubavuni mwa uzi na kuona kwamba asubuhi umelala na kwamba mchana umesimama. Kwa nini kivuli cha asubuhi ni kirefu halitakuwa tena jambo la kukariri, kwa kuwa mwale uliolala lazima usafiri mbali kabla ya kugusa ardhi baada ya kuipita ncha ya kijiti.

Kwa upande wako, Mwalimu, ni vizuri uwe na hesabu yenyewe mkononi. Kijiti chenye urefu wa sentimita 100 hutoa kivuli cha takriban sentimita 373 jua likiwa nyuzi 15 juu ya upeo, sentimita 173 likiwa nyuzi 30, sentimita 100 kamili likiwa nyuzi 45, sentimita 58 likiwa nyuzi 60, na sentimita 27 likiwa nyuzi 75. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake nyuzi 15 kwa kila saa, na kwenye ikweta, katika siku ambazo usiku na mchana hulingana, jua hupanda kiasi hicho hicho, hivyo tarakimu nilizozitaja ndizo takriban vivuli vya saa ya kwanza hadi ya tano baada ya macheo. Tazama zinavyoshuka: kati ya saa ya kwanza na ya pili kivuli hupungua kwa mita 2, na kati ya nne na tano kwa sentimita 31 tu. Vipimo vitatu kwa siku, kama mlivyofanya, huficha jambo hili. Ni afadhali mpime kila baada ya saa moja, hata kama itabidi wanafunzi wa madarasa mengine wasaidie, na kabla ya kila kipimo kila kikundi kiweke kokoto mahali kinapobashiri ncha itakuwepo. Kubashiri ndiko kunakofanya kazi. Mtoto aliyeweka kokoto yake mahali pasipo hutaka kujua sababu, na mtoto aliyesubiri tu kupima hana haja nayo.

Kijiti kiwe wima, na timazi ya uzi na jiwe dogo inatosha kulihakikisha hilo. Ardhi iwe tambarare. Kijiti kisiguswe hadi jioni.

Nije kwa yule aliyeuliza kuhusu saa 6, kwa kuwa swali lake ni zuri kuliko sentensi ya kitabu. Uchunguzi wake ni sahihi, na anastahili kuambiwa hivyo mbele ya wenzake. Kivuli cha kijiti kilicho wima hutoweka pale tu jua linapokuwa utosini kabisa, na jambo hilo haliwezi kutokea popote duniani zaidi ya nyuzi 23.4 kaskazini au kusini mwa ikweta. Ndani ya ukanda huo hutokea siku 2 kwa mwaka, au siku 1 tu kwa walio kwenye mpaka wake. Kwenye ikweta siku hizo ni karibu na tarehe 20 Machi na 22 au 23 Septemba. Karibu na tarehe 21 Juni kijiti kile cha sentimita 100 hutoa kivuli cha takriban sentimita 43 kikielekea kusini, hata jua likiwa limefika juu kabisa kwa siku hiyo, na mwezi Desemba kivuli cha urefu kama huo huelekea kaskazini. Nje ya ukanda, katika nusu ya kaskazini ya dunia, kivuli cha mchana huelekea kaskazini mwaka mzima, na katika nusu ya kusini huelekea kusini mwaka mzima.

Kisha kuna saa yenyewe. Saa ya ukutani hufuata ukanda wa saa wa nchi nzima, wakati jua hufika juu kabisa mapema kwa walio mashariki ya ukanda huo na baadaye kwa walio magharibi. Juu ya hilo, mwendo wa dunia kulizunguka jua hauna kasi moja mwaka mzima na mhimili wake umeinama, kwa hiyo hata mahali pamoja jua huchelewa kwa dakika 14 hivi katikati ya Februari na huwahi kwa dakika 16 hivi mwanzoni mwa Novemba. Wanafunzi wanaweza kuutafuta mchana wa jua wenyewe. Chora duara ukiuzunguka mguu wa kijiti, tia alama pale ncha ya kivuli inapoligusa duara kabla ya mchana, na nyingine inapoligusa tena baada ya mchana, kisha vuta mstari kutoka kijitini hadi katikati ya alama hizo mbili. Mstari huo ni wa kaskazini na kusini, na kivuli kinapolala juu yake ndipo mchana wa kweli wa mahali hapo. Njia hii ni bora kuliko kuvizia kivuli kifupi kuliko vyote, kwa sababu karibu na mchana urefu hubadilika kidogo mno na watoto hugombana bure.

Mwambie pia mwanafunzi huyo kwamba swali lake limewahi kutoa matokeo makubwa. Yapata mwaka 240 kabla ya Kristo, Eratosthenes, mtaalamu aliyeishi Aleksandria nchini Misri, alijua kwamba katika mji wa Siene, ambao leo ni Aswan, jua la mchana wa siku ndefu kuliko zote hufika hadi chini ya kisima, maana yake vitu vilivyo wima havina kivuli. Aleksandria, siku hiyo hiyo, kivuli kilikuwepo, na pembe yake ilikuwa sehemu ya 50 ya duara, yaani nyuzi 7.2. Akichukulia kwamba miale ya jua ni sambamba, tofauti hiyo haikuweza kutoka juani; ilitoka kwenye mviringo wa dunia. Alizidisha umbali kati ya miji hiyo, stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale), kwa 50, akapata mzingo wa dunia wa stadia 250,000. Kivuli kukosekana mahali pamoja na kuwepo mahali pengine ndilo jambo lililompa jibu.

Yapo maswali mawili ambayo karibu kila darasa huuliza mara tu likianza kutazama kwa makini. La kwanza ni kingo za kivuli kufifia. Mpe kila mtoto penseli na karatasi: penseli ikigusa karatasi kivuli chake ni chembamba na kikali, ikiinuliwa kingo hulegea, na kwa penseli yenye unene wa milimita 7, kiini cheusi hupotea kabisa kwenye sentimita 75 hivi, likabaki wingu hafifu. Sababu ni kwamba jua si nukta. Lina upana wa kilomita milioni 1.4, na kwetu huonekana kama duara la takriban nusu nyuzi, hivyo karibu na ukingo wa kivuli kuna mahali ambako sehemu ya jua imezibwa na sehemu haijazibwa. Ukanda huo wa mpito hupanuka kwa karibu milimita 9 kwa kila mita 1 ya umbali kati ya kitu na mahali kivuli kinapoangukia. Ndiyo maana ndege ya abiria iliyo kilomita 10 juu haitii doa jeusi ardhini, ingawa hulitia inapokaribia kutua. Vile vibaka vya mwanga vya mviringo vinavyoonekana chini ya mti wenye majani mengi vina asili hiyo hiyo: matundu kati ya majani yana maumbo ya kila namna, lakini kila kibaka ni taswira ya jua lenyewe, na siku ya kupatwa kwa jua kwa sehemu vyote hugeuka kuwa hilali.

Swali la pili ni kwa nini kivuli si cheusi kabisa. Anga lenyewe hutuangazia, kwa kuwa hewa hutawanya mwanga wa jua, hasa wa buluu, na mwanga huo huingia kivulini kutoka pande zote. Kwenye karatasi nyeupe kivuli huweza hata kuonekana cha buluu kidogo. Siku ya mawingu mazito karibu mwanga wote hufika kwa njia hiyo, usiwe na upande, na vivuli vikakosa mipaka. Siku kama hiyo usiiahirishe shughuli. Watoe nje wakatafute vivuli, wakute giza hafifu tu chini ya meza na chini ya benchi, na waeleze kwa nini.

Kuhusu kama ni jua linalotembea au ni dunia inayozunguka, kwa darasa la tatu nisingelifanya kuwa msingi wa somo. Inatosha kuwa na tufe dogo lenye pini iliyobandikwa kwa plastisini, ulizungushe taratibu juani kuelekea mashariki, na watoto waone kivuli cha pini kikifupika na kurefuka ilhali jua halijaguswa. Upande wa tufe usiopata mwanga ndio usiku, nao pia ni kivuli.

Ukitaka kupima kama kipindi cha mwanzo kimefaulu, usiwaulize maana ya kivuli, kwa sababu sentensi hukaririwa. Chora jua upande mmoja, mti wenye kivuli chake ardhini upande wa pili, kisha chora ndege mdogo anayeruka hewani kati ya matawi na ile sehemu nyeusi ya ardhi. Uliza kama ndege huyo anapigwa na jua, na kila mmoja achore mstari unaothibitisha jibu lake. Anayesema ndege ana mwanga kwa kuwa kivuli kiko chini, bado analiona doa peke yake, na inafaa arudie shughuli ya daftari na karatasi nyeupe kabla ya kupewa kijiti.